Mwombaji Ana Siku ya Mwisho, Ofisi Haina

Kila tangazo la kazi ya Serikali hubeba mstari mmoja usio na huruma: siku ya mwisho ya kupokea maombi. Mwombaji akichelewa hata kwa saa moja, mlango umefungwa. Ni nadra tangazo hilo hilo kutaja siku ya mwisho ya ofisi kumjibu. Hapo ndipo urasimu ulipojenga nyumba yake.

Mwalimu aliyehitimu mwaka 2015 akarejea kwao Zinga, Wilaya ya Bagamoyo, hahitaji kuelezwa jambo hili. Zinga kwenyewe kumezoea kungoja. Jiwe la msingi la bandari ya Bagamoyo liliwekwa Oktoba 2015, na kufikia 2019 mradi ulikuwa umesimama. Waliomtangulia mwalimu huyo walikuwa wakipangiwa vituo moja kwa moja. Yeye alikuta mlango umeegeshwa, na Juni 2016 ukafungwa kabisa: ajira zilisimamishwa ili wafanyakazi hewa waondolewe na vyeti vihakikiwe. Kazi hiyo ilikuwa ya haki. Nani angetetea mshahara wa marehemu? Lakini gharama ya wizi ikalipwa na asiyeiba.

Ajira ziliporudi, zilirudi kwa vibaba. Januari na Februari 2025 walimu wakaitwa kwenye usaili chini ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Nafasi zilikuwa 14,648; waombaji 201,707. Mtu aliyengoja miaka kumi akapanga foleni na aliyetoka chuoni juzi, bahasha ya vyeti mkononi na nauli ya kuazima mfukoni. Je, ni ajabu kwamba mwanzoni mwa mwaka huo huo walimu wasio na ajira waliunda umoja wao na kuupinga usaili huo?

Wapo watakaosema kwamba nafasi ni chache, na kwamba usaili ni bora kuliko kujuana. Wanasema kweli. Kurudisha vimemo vya wakubwa kungekuwa balaa kubwa zaidi. Lakini uchache wa nafasi haumzuii mtendaji kumwandikia mtu mistari mitatu ya kumweleza amekosa nini. Asiyeona jina lake orodhani huambiwa asisite kuomba tena. Aombe tena akiwa amerekebisha nini?

Na umri haumngoji mtu. Matangazo mengi ya ajira hizo huweka kikomo cha miaka 45, nacho huhesabiwa kwa ukali ule ule hata kama miaka kumi kati ya hiyo imeliwa na kungoja. Wakati huo huo, zipo shule ambako wazazi huchangishwa ili kumlipa posho mwalimu wa kujitolea. Huyo huyo anayeaminiwa kushika chaki leo, kesho husailiwa kama mtu asiyepata kuingia darasani.

Basi tangazo lijalo lichapwe na tarehe mbili, ya mwombaji na ya ofisi. Ofisi ikipitisha ya kwake, mkuu wake atoke hadharani aeleze sababu, kwa jina na cheo chake, kabla hajaruhusiwa kutangaza nafasi nyingine. Na miaka ya kujitolea iliyothibitishwa na mwalimu mkuu ihesabiwe kwa alama katika usaili, si kwa pongezi.