Tahariri: Fikra Mpya Huzaliwa kwa Kuuliza

Wazee wetu wamesema: Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Twaanza na methali hii kwa sababu mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu kuhusu jambo ambalo wengi hudhani ni karama ya watu wachache, nalo ni kufikiri kwa akili yako mwenyewe na kubuni lililo jipya na lenye manufaa. Husemwa kwamba fulani amejaaliwa na fulani hakujaaliwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Sisi twaona vingine. Kubuni ni tabia kabla ya kuwa kipaji; na tabia hufunzwa, hulelewa, na kwa masikitiko makubwa, huweza pia kuuawa.

Ushahidi hatuutafuti mbali. Msomaji wetu aliyeko Mkotokuyana, au popote pale katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, amesikia kwa wazee habari za mradi wa karanga wa Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ulitumwa ujumbe wa wataalamu kuja Tanganyika kutazama kama karanga zingeweza kulimwa kwa wingi. Walikaa wiki chache tu, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka angani, ndani ya ndege. Wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, na kazi ikaanza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta kwa mamia, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Ilijengwa bandari Mtwara, na reli ikatandikwa hadi Nachingwea.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka wa kwanza ilikusudiwa kulimwa ekari 150,000. Zilizofyekwa hazikufika 10,000. Udongo wa Kongwa ulikauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama tofali, na karanga, kama ajuavyo kila mkulima, huzaa chini ya ardhi. Ardhi ikigoma, mavuno hayatoki. Mvua nazo hazikuja kama zilivyoandikwa kwenye karatasi. Huku kwetu Nachingwea mvua ilikuwa afadhali, lakini msitu ulikuwa mnene, mizizi ikavunja majembe ya mashine, na mavuno hayakulingana na gharama. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo mkubwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ilifungwa, kisha ikang'olewa. Bandari ya Mtwara ndiyo iliyobaki kuwa faida.

Je, walikosa nini watu wale? Hawakukosa fedha, wala elimu, wala mashine. Walikosa unyenyekevu wa kuuliza. Walikuja na jibu tayari mkononi, wakaitaka ardhi ikubaliane nalo. Hawakujaribu kwanza katika shamba dogo kwa misimu michache wakaona lipi linafaa na lipi halifai. Na wenyeji waliokuwa wakiulima udongo huo tangu enzi za mababu walihesabiwa kuwa vibarua, si watu wenye maarifa.

Lakini tusifanye haraka kuwacheka. Yatupasa kujiuliza kama tabia hiyo haimo majumbani mwetu, madarasani mwetu na hata katika vikao vyetu. Mara ngapi mtoto ameuliza "Kwa nini?" akaambiwa anyamaze, asijifanye mjuaji? Mara ngapi kijana ameleta rai mkutanoni, na kabla hajaimaliza akaulizwa amesoma hadi darasa la ngapi? Tumeichanganya heshima na ukimya. Heshima ni adabu ya namna ya kuuliza. Haikupata kuwa amri ya kutouliza.

Kwa hili upo mfano wa hapa hapa nchini ambao yafaa kila mzazi na kila mwalimu aujue. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi katika Shule ya Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na kutiwa sukari, na desturi ilikuwa kuyaacha yapoe kwanza. Siku moja, kwa kuchelea kukosa nafasi katika jokofu, Mpemba aliyatia yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Alipomuuliza mwalimu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa tena. Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kijana akamuuliza mbele ya wenzake wote. Mgeni huyo hakucheka. Aliahidi kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la kisayansi. Hata leo wanasayansi hubishana kuhusu jambo hilo, wengine wakikubali, wengine wakitia shaka. Na limebaki na jina la Mpemba ulimwenguni kote.

Tutazame vizuri kilichomfikisha hapo. Kwanza, aliliamini jicho lake, hakulikana aliloliona kwa sababu tu halikuwamo kitabuni. Pili, hakushindana kwa maneno matupu bali alirudia jaribio lake tena na tena. Tatu, alivumilia kuchekwa. Na jambo la nne halikuwa lake bali la mgeni yule: mkubwa mwenye elimu alikubali kwamba mdogo huenda ameona asiloliona yeye. Mambo matatu ya kwanza humtegemea kijana mwenyewe. La nne linatutegemea sisi wakubwa, na bila hilo matatu yale aghalabu hufa kimya kimya.

Wala hili si geni katika mafundisho yetu. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita kwa watu waliokuwa wakichavusha mitende, akatoa rai yake kwamba huenda hakuna haja ya kufanya hivyo. Wakaacha, na mavuno yakapungua. Alipoambiwa, aliwajulisha kwamba katika mambo ya dunia yao wao ndio wajuzi zaidi. Ikiwa yeye aliwaachia wakulima ujuzi wao, ni nani miongoni mwetu aliye mkubwa mno kiasi cha kutomuuliza mwenye jembe?

Kwa bahati njema, kusini yetu imekwisha kuonja matunda ya njia hiyo. Watafiti wa kilimo wa Naliendele, Mtwara, walitoa mwaka 1998 mbegu ya karanga iitwayo Pendo, na baada yake nyingine kadhaa. Na katika kazi hiyo wakulima walishirikishwa kuzitazama mbegu shambani na kusema zipi zinawafaa. Karanga ni ile ile iliyowashinda wenye matrekta. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mkulima aliulizwa.

Basi na tujiulize leo kuhusu yaliyo mbele ya macho yetu. Kila msimu wa korosho, mabibo kwa wingi huoza chini ya mikorosho, au huishia kuwa pombe inayobomoa nyumba zetu. Tunda hilo hutoa juisi, hutengenezwa jemu, na huweza kukaushwa. Hatusemi kila mtu akope fedha akanunue mashine. Hilo lingekuwa kuurudia mradi wa karanga. Twasema kina mama watano wajaribu ndoo moja, waone ukakasi wake unatokaje, waandike walichokifanya, wakosee, warekebishe, kisha ndipo waongeze. Na kijana akija na namna nyingine, asikilizwe hadi mwisho wa maneno yake.

Twawaomba wazazi, walimu wa shule na walimu wa madrasa waanze na jambo moja dogo mwezi huu: mtoto akiuliza swali lisilojulikana jibu lake, aambiwe bila haya, "Sijui, twende tukatazame." Maneno hayo hayampunguzii mkubwa heshima yake hata chembe, nayo humfungulia mtoto mlango ambao huenda akautumia maisha yake yote.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kutazama, ndimi zenye kuuliza kwa adabu, na masikio yasiyoona haya kujifunza kutoka kwa wadogo. Amin.