Neno la Waziri na Jembe la Mkulima



Waziri asimamapo Bungeni Dodoma kuwasilisha makadirio ya wizara yake, hasemi na wabunge peke yao. Ibara ya 63 ya Katiba yetu imelipa Bunge jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo kila jibu la waziri ni jibu kwa mwananchi, hata kwa yule ambaye saa hiyo yumo shambani akipalilia na hana habari kwamba jina lake limetajwa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hoja yangu ni kwamba neno la waziri Bungeni ni deni, na mdai wake ni mkulima.

Nachukua mfano wa Bwana Hussein Bashe, aliyeingia Bungeni mwaka 2015 kwa tiketi ya Nzega Mjini. Akiwa mbunge wa kawaida alisikika akiisema Serikali ya chama chake mwenyewe bila kumung'unya maneno. Mwaka 2018 alitaka Bunge lichunguze vitendo vya utekaji na mauaji vilivyokuwa vikiitia nchi hofu. Julai 2019 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Kilimo, na Januari 2022 akawa Waziri kamili. Hivyo mtu yule yule aliyekuwa akiuliza akageuka kuwa mwenye kujibu. Ni shule nzuri kwetu sote kutazama jinsi mtu anavyojibu pale anapohamia upande wa pili wa ukumbi.

Tuanze na yaliyo mema, maana haki hudai hivyo. Bajeti ya Wizara ya Kilimo katika mwaka wa fedha 2021/22 ilikuwa shilingi bilioni 294. Mwaka uliofuata ilipanda hadi bilioni 954, na kwa mwaka 2024/25 Bunge likaidhinisha zaidi ya trilioni 1.2. Mwezi Agosti 2022, siku ya Nanenane mjini Mbeya, ruzuku ya mbolea ilizinduliwa, na mfuko wa kilo 50 uliokuwa umefikia karibu shilingi 130,000 ukauzwa kwa 70,000. Mkulima aliyeupata mfuko huo kwa wakati hahitaji kuelezwa faida yake. Kiongozi akitenda jema, Mkristo hana budi kulitambua. Kulaumu kila jambo ni uvivu wa kufikiri.

Lakini tarakimu zina pande mbili. Bajeti yote ya Serikali kwa mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Fungu la Wizara ya Kilimo ni kama senti mbili na nusu katika kila shilingi moja. Mwaka 2003, kule Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Ni kweli kwamba hesabu ile hujumuisha mifugo, uvuvi na mengineyo, lakini hata tukijumlisha yote hayo, safari bado ni ndefu. Tena, fedha iliyoidhinishwa si fedha iliyotolewa, na fedha iliyotolewa si maji yaliyokwisha kufika kwenye mfereji. Kati ya Dodoma na shamba kuna mikono mingi. Hapo ndipo mjadala wa kilimo unapogeuka kuwa mjadala wa utawala bora, na mambo haya mawili hayatenganishwi.

Suala la sukari lilituonyesha jambo hilo waziwazi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua kubwa zilijaza maji mashamba ya miwa, uzalishaji ukashuka, na bei ikapaa. Januari mwaka huo Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi za rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, kutegemea eneo, lakini mama wa nyumbani alinunua kwa bei ya juu zaidi. Serikali ilieleza kuwa viwanda vilivyopewa vibali vya kuagiza havikuagiza kwa wakati. Bwana Luhaga Mpina, Mbunge wa Kisesa wakati huo na waziri wa zamani wa mifugo na uvuvi, alidai kwamba vibali vilitolewa kinyume cha sheria na kwamba Waziri alilidanganya Bunge. Juni 2024 Bunge lilimsimamisha Bwana Mpina vikao 15 kwa kosa la kutangaza ushahidi wake hadharani kabla Spika hajautolea uamuzi.

Sisi hatukuwekwa kuwa waamuzi kati ya watu hao wawili. Ninachosikitikia ni jambo jingine. Kwa wiki kadhaa taifa lilishabikia kama watu walio kwenye uwanja wa mpira: nani kamshinda nani. Kanuni za Bunge ni za lazima, na asiyezifuata ana adhabu yake. Hata hivyo, mkulima wa miwa wa Kilombero alikuwa na swali lake: je, sukari itakayoingia itaziba pengo tu, au itaangusha soko la miwa yake? Naye mnunuzi alikuwa na lake: ni nani aliyefaidika na ile tofauti ya bei? Maswali kama haya yanastahili majibu mapana kuliko adhabu ya mbunge mmoja. Ukweli ukizungumzwa kama ugomvi wa watu wawili, maskini hubaki nje ya mlango.

Mwaka huo huo sheria ilirekebishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula aweze kuagiza na kuhifadhi sukari. Kuweka akiba ni busara ya tangu zamani. Yusufu mwana wa Yakobo aliliokoa taifa la Misri kwa maghala yaliyojazwa miaka saba ya shibe. Mara nyingi tunaishia hapo. Tukiendelea hadi sura ya 47 ya kitabu cha Mwanzo, twaona kwamba njaa ilipozidi watu walitoa fedha zao, kisha mifugo yao, kisha ardhi yao, na mwishowe wakawa watumwa wa Farao. Ghala lilijaa, lakini mkulima alipoteza shamba. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama ghala limejaa. Yatupasa kuuliza pia ufunguo uko mikononi mwa nani, na mkulima amebaki na nini.

Wapo watakaosema kwamba haya ni siasa, na padre arudi altareni. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Mater et Magistra, alikizungumzia kilimo kwa kirefu, akitaka wakulima wasiachwe nyuma ya sekta nyingine. Nabii Amosi naye aliwakemea waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Lumbesa ya leo ni dhambi ile ile iliyovikwa gunia. Kumpigia mtu debe kanisani hakufai kamwe. Kumkumbusha kiongozi neno lake ni tendo la upendo kwake na kwa watu wake.

Basi tufanye nini? Majadiliano ya Bunge huchapishwa. Katika kila parokia apatikane mwalimu au kijana wa kuyasoma, na kuziandika ahadi zinazohusu kata yetu. Baada ya msimu, Kamati ya Haki na Amani ikutane na afisa ugani, viongozi wa chama cha ushirika na diwani, kwa heshima na kwa ushahidi, kupima kilichotimia. Kisha mbunge aandikiwe barua. Nasi tuanzie nyumbani: kamati isiyosoma mapato na matumizi mbele ya waamini haina uso wa kumdai waziri hesabu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:

1. Je, mbolea ya ruzuku ilifika kwetu kabla ya mvua au baada yake? Ni nani aliyeikosa, na kwa sababu gani?

2. Mazao yetu hupimwa kwa mizani au kwa lumbesa? Ni nani kati yetu anayefaidika na ukimya huo?

3. Ni ahadi ipi moja ya Bungeni tutakayoifuatilia mwaka huu, na nani atatuletea taarifa?