Tuna Viwanja Sitini, Lakini Ndege Zinazochelewa Dar Zinatuhusu



Kila ukigusa habari ya ndege kwenye vijiwe vyetu, jibu la kwanza ni kicheko. "Kamanda, wewe na ndege wapi na wapi? Sisi tuna viwanja sitini na hakuna hata kimoja kinachotua Airbus." Utani mzuri, na mimi nacheka. Ila tukimaliza kucheka tuongee, maana habari ya ndege kuchelewa na kufutwa pale Kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni habari ya pesa zetu na ya namna serikali hii inavyomchukulia mtu anayesubiri.

Tuanze na pesa. Shirika la ndege la taifa lilianzishwa mwaka 1977, baada ya East African Airways kufa. Likayumba miaka mingi. Mwaka 2002 likauziwa Afrika Kusini asilimia 49, ndoa ikavunjika 2006. Mwishoni mwa 2008 likanyang'anywa hata cheti cha kurusha ndege kwa muda. Ilipofika 2016 serikali ikaamua kulifufua kwa kununua ndege mpya, kwa fedha taslimu, tukaambiwa kwa majigambo kabisa. Zikaja Bombardier, zikaja Airbus, zikaja Dreamliner. Kila ndege ilipotua ilipokelewa kwa ngoma na hotuba, na mwaka wa uchaguzi ndege hizo zikawa hoja ya kuombea kura mpaka huku kwetu ambako watu walikuwa wanadai barabara.

Ndege hizo hata si mali ya ATCL. Ni za Wakala wa Ndege za Serikali, ATCL inakodishiwa. Maana yake mwenye ndege ni mimi na wewe. Ni mama anayeuza vitumbua stendi, ni kijana wa bodaboda anayelipa kodi kila akijaza petroli, ni mkulima wa mpunga anayekatwa ushuru kabla gunia halijapanda Fuso. Tajiri wa ndege hizo anaishi Viwanja Sitini, tatizo ni kwamba hajawahi kuitwa kwenye kikao.

Sasa tajiri asikilize mahesabu. Kwa mujibu wa ripoti za CAG, ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 35.2 mwaka wa fedha 2021/22. Mwaka uliofuata ikawa bilioni 56.6. Mwaka 2023/24 ikafika bilioni 91.8. Hasara imepanda ngazi mbili mfululizo, na hiyo ni baada ya serikali kuendelea kumwaga ruzuku. Wewe ukifungua kibanda cha chipsi Kibaoni ukapata hasara ya namna hiyo miaka mitatu, hata mjomba wako atataka kuona daftari.

Wenzetu wa kijani watasema: injini zile ni mbovu dunia nzima. Hapa tuwe wakweli, maana hatuhitaji uongo kushinda hoja. Ni kweli. Airbus A220 zinatumia injini za kampuni ya Marekani, Pratt & Whitney, na injini hizo zimesumbua mashirika mengi. Novemba 2022 ATCL yenyewe iliwatangazia abiria kwamba baadhi ya A220 zimesimamishwa kwa sababu ya injini na ratiba zitavurugika. EgyptAir walikuwa na A220 kumi na mbili, wakaamua kuziuza zote. Kwa hiyo hatumlaumu fundi wa ATCL kwa injini aliyotengeneza mtu mwingine.

Tunachouliza ni kitu kingine. Mashirika makubwa yaliyopata tatizo hilohilo yalikwenda kwa mtengenezaji yakadai fidia. Sisi tulipata nini? Mkataba wa ununuzi ulisema nini kuhusu injini ikigoma? Injini za akiba zilipangwa ngapi kwa ndege ngapi? Aliyesaini alishauriwa na nani? Hayo hayajibiwi kwa kusema "dunia nzima". Dunia nzima mvua inanyesha, lakini aliyeezeka nyumba vizuri halowi kama aliyeacha tundu.

Na kuna kuchelewa ambako hakuna injini ndani yake. Ndege moja inaweza kupangiwa kwenda Mwanza asubuhi, irudi Dar, iende Dodoma, irudi, halafu iende Mbeya jioni. Ikichelewa saa moja asubuhi, abiria wa jioni anachelewa masaa matatu na hajui kosa lilianzia wapi. Ukiwa na ndege za akiba, unachomoa moja unaziba pengo. Ukiwa na ndege nne za aina moja na baadhi zimelala chini, huna cha kuchomoa. Ongeza na viwanja vya mikoani ambavyo miaka na miaka vimefanya kazi bila taa za usiku. Huko ndege ikichelewa mpaka jua likazama, safari imekufa na abiria analala.

Sasa tuje kwa mtu wa kwetu. Mtu wa Mikocheni safari ikifutwa anachukua bajaji anarudi nyumbani kulala. Chukua kijana wa Ifakara aliyeitwa kwenye usaili Mwanza, au mama anayempeleka mtoto Bugando. Ametoka huku kwa basi, zaidi ya kilomita 400 mpaka Dar. Tiketi amechangiwa na ukoo. Anafika kiwanjani anaambiwa "safari imeahirishwa, subirini taarifa". Taarifa ya lini? Hakuna anayejua. Dar hana ndugu, gesti ni elfu thelathini, chakula juu yake. Usaili unapita. Mtoto anakosa miadi. Kwa hiyo ule usemi kwamba ndege ni mambo ya matajiri si kweli. Tajiri akichelewa anakasirika, maskini akichelewa anaharibikiwa.

Na huyo mtu wetu ana haki ambazo hakuna anayemwambia. Tanzania imeridhia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Kwa safari za kimataifa, mkataba huo unalibana shirika kwa hasara aliyoipata abiria kwa kucheleweshwa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote za maana kuzuia. Mzigo ukichelewa una siku 21 za kulalamika kwa maandishi tangu uupokee, na kufungua shauri una miaka miwili. Humu ndani ya nchi, mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, ndiyo yenye kazi ya kusimamia mashirika, na lipo baraza la kuwatetea watumiaji wa usafiri wa anga. Ni vijana wangapi wa bonde hili wamewahi kulisikia? Ulaya tangu 2004 wana sheria inayotaja kiwango kabisa, kuanzia yuro 250 mpaka 600, na abiria anaisoma ukutani pale kiwanjani. Hapa kwetu ukutani kuna picha ya kiongozi.

Tena usimamizi wenyewe umeanguka mtihani. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga yao. Juni 2025 wakaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, na sababu waliyotaja ni udhaifu wa mamlaka yetu katika kusimamia usalama, ikiwemo upungufu wa wataalamu. Wapo watakaosema ni mabeberu. Sawa, lakini mamlaka hiyohiyo ndiyo inayotakiwa kumlinda yule mama anayekwenda Bugando. Kama haina watu wa kutosha kukagua ndege, atapata wapi mtu wa kufuatilia kuchelewa kwake?

Makamanda, hapa ndipo nataka tuunganishe nukta. Ndege inayochelewa Dar na treni ya TAZARA inayochelewa kufika stesheni ya Ifakara zina baba mmoja. Sisi watu wa reli tunajua. Treni imeandikwa itapita saa fulani, watu wanafika na mizigo, wanatandika khanga, watoto wanalala, usiku unakwisha. Huulizi kwa sababu hakuna wa kuulizwa. Ukiuliza unajibiwa kama umetukana. Tumezoea mpaka tunasema "TAZARA ndivyo ilivyo", kama vile ni mafuriko ya Mto Kilombero. Mafuriko huleta Mungu. Treni na ndege zinaendeshwa na watu wanaolipwa mishahara.

Kinachoumiza zaidi ya kuchelewa ni kutoambiwa. Septemba 2024 wafanyakazi wa kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, waligoma kupinga dili la kuwapa Adani kiwanja kile. Safari zikachelewa, nyingine zikafutwa, watu wakateseka. Lakini kila aliyekaa pale chini na begi alijua kwa nini amekaa, na nchi nzima ikajadili. Novemba mwaka huohuo dili likafutwa. Siwaambii tukafunge viwanja. Nasema wananchi wakijua sababu wanaweza kuamua jambo, na wasipojua wanabaki kusubiri spika iongee.

Basi madai yetu yawe mafupi ya kushikika, yasiwe kelele.

Kwanza, TCAA itangaze kila mwezi, shirika kwa shirika, safari ngapi ziliondoka kwa wakati, ngapi zilichelewa, ngapi zilifutwa na kwa sababu gani. Yahusu ATCL na mashirika binafsi pia, maana na wao si malaika.

Pili, fidia iwe na kiwango kinachojulikana, na chakula na malazi visiwe hisani ya meneja wa zamu. Shirika likichelewesha, lilipe bila mtu kuzungushwa.

Tatu, mikataba ya ununuzi wa ndege na madai yetu kwa mtengenezaji wa injini yawekwe mezani. Kamati ya Bunge ya uwekezaji wa mitaji ya umma ihoji hadharani, kamera zikiwa zimewashwa.

Nne, kipimo hichohicho kije kwenye reli. Septemba 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya China, CCECC, wa takriban dola bilioni 1.4 kuifufua TAZARA. Vizuri. Tunataka kujua: ndani ya mkataba huo, treni ya abiria ikichelewa Ifakara masaa kumi, nani anawajibika? Kama mkataba umejaa mizigo ya shaba tu na abiria wa Mlimba hajatajwa, tujue mapema kabla hawajaja kukata utepe.

Na sisi tuna kazi. Ukisafiri kwa ndege ikachelewa, tunza tiketi na kipande cha kupandia, andika muda uliotangazwa na muda mlioondoka, dai sababu kwa maandishi, peleka malalamiko kwa shirika, wakikupuuza nenda TCAA. Malalamiko ya mdomo wanayafuta kwa tabasamu, ya karatasi lazima wayapokee kwa muhuri.

Kwa hapa nyumbani, napendekeza tawi la Viwanja Sitini lianze na daftari moja la mia tano. Vijana wawili wa zamu, kila treni ya abiria inapopita: saa iliyoandikwa kwenye ratiba, saa iliyofika, walichoambiwa abiria. Miezi mitatu tu. Halafu tunapiga nakala, moja kwa meneja wa TAZARA, moja kwa mbunge, moja tunaibandika pale stendi ili kila mtu aisome. Hawana takwimu za kututolea, basi tutawatolea sisi. Anayeweza kushika zamu wiki hii aandikishe jina kwa katibu wa vijana wa kata. Kalamu tunazo.