'Ndiyo' Yetu Si 'Yes' Yao

Tarehe 1 Juni 2024 macho ya Wakenya yalielekea Kanduyi. Uwanja wa Masinde Muliro, ulioko hapo Bungoma, ulipewa heshima ya kuwa mwenyeji wa Sikukuu ya Madaraka. Kama ilivyo ada ya sikukuu zetu za taifa, hotuba rasmi iliandikwa kwa Kiingereza. Na ada hiyo hiyo ndiyo inayomtaka kiongozi, akishaiweka karatasi kando, awageukie wananchi kwa Kiswahili ili wasikie alilokuwa akilisema. Sherehe zilipita, lakini swali la lugha lilibaki palepale njia pandani, na linatuhusu sisi wa Pwani kama linavyowahusu wenyeji wa huko.

Msomaji asiyepata kufika Kanduyi na ajue kwamba barabara inayopita hapo ndiyo ile ile inayoanzia kwetu Mombasa. Malori yakishapakia mizigo bandarini hupanda Nairobi, Nakuru, Eldoret na Webuye, yakapita Kanduyi kabla ya kufika Malaba mpakani mwa Uganda. Madereva na utingo huteremka hapo na Kiswahili chao cha kila rangi. Nyumbani wenyeji wengi husema Kibukusu, ambacho wenyewe hukiita Lubukusu. Darasani na katika karatasi za ofisini kinatawala Kiingereza. Basi mtoto wa Kanduyi hukua na lugha tatu, na kila moja ina sheria zake ambazo nyingine hazizijui.

Hapa ndipo kicheko kinapoanzia. Ni mara ngapi tumewasikia wachekeshaji wakimwigiza mtu wa magharibi anayesema Kiingereza, neno 'big', yaani kikubwa, likamtoka kama 'pig', yaani nguruwe? Watu huvunjika mbavu, na huku Pwani hucheka zaidi, maana sisi tumejipa cheo cha kuwa mahakimu wa matamshi ya watu wa bara.

Lakini kicheko hicho ni cha asiyejua. Katika Kibukusu sauti za b, d na g, kama tunavyozitamka sisi, hazisimami peke yake. Huja zimeegemea sauti ya pua mbele yake, kama katika mb, nd na ng. Pasipo pua, lugha hutumia p, t na k. Kwa hiyo Mbukusu anayelifanya 'big' kuwa 'pig' hakukosea ovyo. Ametii sheria ya lugha aliyonyonya kwa mama yake, tena ameitii kwa uaminifu. Neno 'mbuzi' halimtatizi hata kidogo. Hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba ulimi wake ni mzima na kanuni ipo.

Na sisi je? Kiswahili kina irabu tano tu, ilhali Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu karibu ishirini. Ndiyo maana mtu wa Mombasa au Lamu akisema 'ship', yaani meli, na 'sheep', yaani kondoo, mgeni hushindwa kujua bandarini kimeingia nini. Nyani haoni kundule. Chuoni tulifunzwa kutenganisha sini na thaa, zai na dhali, kwa sababu ustadhi alikaa nasi akatuonyesha ulimi uwekwe wapi. Hakutuita wajinga kwa kuwa hatukuzaliwa Hijazi.

Tukiacha matamshi tukaingia katika sarufi, twaona mambo yale yale. Mwanafunzi wa Kanduyi, sawa na wa Kwale, humsimulia mama yake kwa kusema 'he', na mwalimu akamwekea alama nyekundu. Kwa nini akosee? Kwa sababu Kiswahili chasema 'yeye amekuja', na hakiulizi kama ni mume au mke. Kibukusu nacho, kama lugha nyingine za Kibantu, hakiulizi. Mtoto hakusahau kwamba mama yake ni mwanamke! Ameingia katika lugha inayomlazimisha kutaja jambo ambalo lugha zake hazikumlazimisha kulitaja.

Au tazama neno 'kuazima'. Husema 'nimeazima kalamu kwa Ali', na pia 'Ali, niazime kalamu'. Kitenzi ni kimoja, anayetoa na anayepokea wote wamo. Kiingereza kimewagawa: anayepokea hufanya 'borrow', anayetoa hufanya 'lend'. Mwanafunzi akisema 'borrow me your pen', nyuma ya Kiingereza hicho kuna Kiswahili sahihi kabisa.

Yako pia mambo ambayo yameshakuwa mali yetu, na hakuna haja ya kuyafuta kwa kalamu nyekundu. Mtu akijikwaa Kanduyi, aliye karibu humwambia 'sorry'. Mgeni kutoka Uingereza hushangaa: kwani wewe ndiwe uliyeliweka jiwe njiani? Yeye neno hilo aghalabu hulitumia kuomba radhi. Sisi tumelitwika kazi ya 'pole', neno ambalo Kiingereza hakina mfano wake hasa. Je, hapo tumekiharibu Kiingereza au tumekiongezea adabu? Mwezi Juni 2022 watungaji wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford waliingiza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, 'nyama choma' likiwa mojawapo. Wakaingiza hata 'come-we-stay', yaani njoo tukae, ndoa isiyo mahari wala shahidi, ambayo mashekhe wetu hawatakuwa na haraka ya kuipongeza. Lililo muhimu ni kwamba wenye lugha wenyewe wamekubali kuwa Kiingereza kinachosemwa huku kina uhai wake.

Je, basi hakuna makosa? Yapo. Na ubaya wa kicheko ni kwamba hutushughulisha na midomo ya watu, likatupita kosa ambalo laweza kumtia mtu hasarani, naye asijue limetoka wapi.

Kosa lenyewe limo katika neno dogo kuliko yote: 'yes'.

Karani akimwuliza mzazi kwa Kiswahili, 'Hujalipa karo?', na mzazi hajalipa, atajibu, 'Ndiyo', yaani ndivyo ulivyosema, sijalipa. Sasa swali hilo hilo liulizwe kwa Kiingereza, na mzazi ajibu 'yes' kwa maana ile ile ya 'ndiyo'. Kwa Mwingereza 'yes' katika swali la kukanusha ina maana ya kwamba jambo limefanyika: nimelipa. Mzazi amekiri deni, karani amesikia madai ya kwamba deni limekwisha. Mmoja atamwona mwenziwe mwongo, na wote wawili wamesema kweli.

Wasomaji waliosoma nahau chuoni wataifahamu tofauti hii upesi kuliko hata baadhi ya walimu wa Kiingereza. Kiarabu kina 'naam', kina 'la', na kina 'bala'. 'Naam' hulithibitisha neno lilivyoulizwa, likiwa la kukubali au la kukanusha. 'Bala' huja baada ya swali la kukanusha, ikauvunja ule ukanusho. Katika Sura ya Al-A'raf wanadamu wanapoulizwa kama Yeye siye Mola wao, jibu lao ni 'bala'. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba lau wangalisema 'naam', wangalikufuru, maana wangalikubali kwamba siye. Tazama uzito wa neno moja!

'Ndiyo' yetu hufuata njia ya 'naam'. 'Bala' hatuna, tukitaka kuuvunja ukanusho twasema jambo zima: 'Ah, nimelipa!' Waingereza nao wana 'yes' ambayo katika mahali hapo hufanya kazi ya 'bala'. Anayezipima lugha hizi kwa mizani moja, kisha akamhukumu mwenziwe kwa kipimo hicho, amedhulumu.

Na kuhukumu huku si kwa mfano tu. Kwa sheria za Kenya, lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani ni Kiingereza. Katika mahakama za mahakimu ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa asiyefahamu lugha ya kesi haki ya kupewa mkalimani bila ya malipo. Hiyo ni haki kubwa. Lakini mwenye hatari zaidi si yule asiyejua Kiingereza kabisa, kwani huyo atapewa mkalimani. Mwenye hatari ni yule anayekijua nusu, akaona haya kuomba msaada kwa kuogopa kuonekana hakusoma. Wakili akimwambia kwa Kiingereza, 'Wewe hukuwako nyumbani usiku ule?', naye akajibu 'yes', jibu hilo litaandikwa lilivyo. Miezi ikishapita, anayelisoma faili hawezi kuliona uso wake wala kuisikia 'ndiyo' iliyokuwa moyoni mwake.

Haya hiyo haikuzuka yenyewe. Ripoti ya Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1974 Kiswahili kiliingizwa Bungeni, lakini miswada ya sheria ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili hakikuwa somo la lazima la kutahiniwa katika shule zote mpaka ulipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, ameeleza jinsi mtoto wa enzi ya ukoloni aliyenaswa akisema lugha ya mama alivyochapwa au kuvikwa kibao cha fedheha shingoni. Kibao hicho hakikuondoka na Waingereza. Wako watu wazima wengi waliokivaa baada ya uhuru. Aliyelelewa hivyo ataona bora ajibu 'yes' asiyoielewa kuliko kusema, 'Tafadhali, niulize kwa Kiswahili.'

Kuna atakayesema kwamba Kiingereza ni lugha ya riziki, na mtoto wa Kanduyi akitaka kuingia Chuo Kikuu cha Kibabii kilicho mlangoni pake, au kwenda mbali zaidi, hana budi kukijua sawasawa. Kweli tupu. Lakini kukijua sawasawa ni kujua mahali kinapotengana na lugha yako, na mambo hayo hayafundishwi kwa kuzidharau lugha za nyumbani. Mwalimu anayefuta 'he' akaandika 'she' amesahihisha neno moja. Anayesema, 'Watoto, sisi kwetu yeye ni mmoja, wenzetu wamewagawa wawili', amesahihisha maisha mazima. Na 'ndiyo' na 'yes' ziwekwe ubaoni ubavu kwa ubavu, kama ustadhi anavyoweka 'naam' na 'bala'.

Mahakamani na maofisini nako dawa si ghali. Anayeuliza na aache kuuliza kwa kukanusha. 'Umelipa?' haina mtego, 'hujalipa?' inao. Na jibu la 'yes' peke yake likija baada ya swali la kukanusha, mwenye kuandika asilipokee mpaka mtu amesema jambo zima: nilikuwako, au sikuwako.

Juu ya hayo yote, ibara ya 7 ya Katiba imekwisha kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kuomba kuulizwa kwa Kiswahili katika ofisi ya serikali, iwe Kanduyi au Mombasa, si kuomba hisani. Sisi tunaojivunia kuwa wenyewe wa lugha hii tungeanza kuiomba haki hiyo hadharani, ili ndugu yetu wa Bungoma naye asione haya kuiomba. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba huu una herufi tatu tu.