Kabati langu limevimba, magogo ya Kigoma yanaoza

Nimepotea kidogo, si unajua tena, majaribio yamefuatana na bumu limechelewa. Lakini leo lazima niandike, kuna kitu kimenikaa kooni.

Wiki iliyopita mvua iliingia dirishani hapa hosteli ikalowesha kabati langu la vitabu. Asubuhi mlango haufungi. Upande wa chini umevimba kama mandazi yaliyosahauliwa kwenye chai, ukigusa unamong'onyoka. Ndiyo chipubodi hiyo. Mwenzangu wa chumba akasema, "Hizi ni takataka zilizobandikwa karatasi." Tukacheka. Baadaye nikajiuliza, kwani takataka ni tusi?

Maana chipubodi kweli ni mabaki: mabanzi, maranda na matawi yanasagwa, yanakaushwa, yanachanganywa na gundi, yanabanwa kwenye mashine yenye moto. Wajerumani waliianza kiwandani wakati wa Vita Kuu ya Pili, mbao zilipokuwa adimu. Hata sisi tumewahi kujenga kiwanda, Tembo Chipboards kule Mkumbara, Korogwe. Kwa hiyo si ndoto za Abunuwasi.

Sasa njoo Kigoma. Tangu 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoanza kuvalia njuga zao la michikichi, wakulima wanahimizwa kuachana na miti ya zamani na kupanda mbegu ya tenera. Safi kabisa, mafuta ya kula tunaagiza nje kila mwaka. Ila kila mtu anazungumzia mafuta, nani anazungumzia gogo? Mchikichi ukifika miaka 25 hivi unakuwa mrefu mno kuvuna na mazao yanapungua, unakatwa. Gogo likiachwa shambani linaoza, na humo ndimo mdudu chonga anataga mayai, halafu anatoka kwenda kutoboa michikichi michanga. Yaani unapanda mpya huku unamfugia adui wake!

Malaysia, wenye mashamba makubwa, wameligeuza gogo hilo kuwa somo la maabara. Si rahisi jamani. Mchikichi si mti kama mninga. Ndani ni nyuzi na nyama laini iliyojaa maji, wanga na sukari. Usipoukausha haraka unaota ukungu. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Sains Malaysia wamejaribu kubana ubao bila gundi kabisa, sukari ya gogo lenyewe ikisaidia kushikanisha. Hilo ni jambo kubwa, maana gundi ya kawaida ina formaldehaidi, ambayo mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Nilipokuwa likizo nyumbani Nyakahanga nilimsimulia Taata. Yeye ni fundi seremala, jioni maranda yake anachoma. Jirani akadakia: "Basi na migomba yetu tuipeleke kiwandani!" Hapo nikakataa, na Taata akaniunga mkono. Mgomba ukishakatwa ndizi unalazwa kibanjani, unatunza unyevu, unarudisha rutuba. Ukiuuza leo, kesho kutwa unanunua mbolea. Kwa hiyo si kila kinachooza ni taka. Mgomba ukioza unalisha shamba. Gogo la mchikichi likioza linalisha chonga. Tofauti ndiyo hiyo.

Msimamo wangu: mpango wa kupanda michikichi uwe na ukurasa wa kuikata. Wakulima wa Kigoma ni wadogo na wametawanyika, kubeba magogo yaliyojaa maji kwenda kiwanda cha mbali ni kusafirisha maji. Wakatie na wakaushie hukohuko, kwa mashine ndogo za ushirika. Na vyuo vyetu vipewe fedha za kujaribu, tusisubiri Malaysia watuuzie ubao kama walivyozoea kutuuzia mafuta.

Mtaniuliza, mwalimu mtarajiwa anahangaika na mbao za nini? Nilipokwenda mafunzo kwa vitendo, shule moja vitabu vilikuwa kwenye maboksi sakafuni, mchwa wakianzia jiografia. Hapakuwa na rafu. Sisemi tutengeneze madawati ya chipubodi, bati likivuja tutarudi kwenye kabati langu. Dawati liwe la mbao halisi. Ila rafu ya vitabu, kwenye chumba kikavu, ingetosha kabisa kutoka kwenye gogo ambalo leo halina mwenyewe.

Kabati langu nimelikausha juani, nimeweka tofali chini. Linasimama, kwa huruma ya Mungu.

Naomba kuwasilisha. Niombeeni na mitihani.