SEHEMU YA 4: "JIKAZE" SIO TIBA

Mama zangu, tunaendelea tulipoishia jana. Leo nitaudhi watu, mtanisamehe.

Kliniki mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, kadi inajazwa. Mama je? Nani kamuuliza kama analala, anakula, au anajifungia chooni kulia? Akijikakamua kusema, anajibiwa "ndio uzazi huo, jikaze." Neno hilo hata mimi nimeshalisema, miaka yangu ya mwanzo wodini. Naona aibu mpaka leo.

Sasa kuna makundi mawili yananichosha.

La kwanza: "Hiyo sonona ni homoni na ubongo tu, apewe vidonge aende." La pili: "Ni mawazo tu hayo, aongee na shangazi yataisha, dawa za nini?" Jamani, mnamgawana mama kama mkate!

Nisikilizeni. Mwaka 2017 watafiti wa Barcelona walitoa matokeo ya kupiga picha ubongo wa wanawake kabla na baada ya mimba ya kwanza. Walikuta umebadilika, na mabadiliko yalikuwepo hata miaka 2 baadaye. Sio kwamba umeharibika. Wao wanaona unajipanga kwa kazi ya kulea. Kwa hiyo mama aliyejifungua hadeki. Kichwa chake kiko kwenye ujenzi.

Lakini ubongo haubadilishwi na vidonge peke yake. Mwaka 1992 huko Marekani walipima wagonjwa wa mawazo yanayojirudia, wale wa kunawa mikono mpaka ngozi inachubuka. Wengine walipewa dawa, wengine tiba ya tabia bila dawa. Waliopata nafuu, wa pande zote mbili, ubongo ulibadilika sehemu ileile. Maongezi yenye utaratibu yanafika mpaka kwenye nyama ya ubongo. Basi ugomvi wenu ni wa nini?

Mtaniambia, "Nesi, wataalamu wako wapi?" Pakistani vijijini hawakuwasubiri. Waliwafundisha wahudumu wa afya ya jamii kuongea na mama nyumbani kwake, kwa hatua maalumu. Matokeo yalitoka 2008: mtoto akifika miezi 6, mama waliobaki na sonona walikuwa 23 kwa 100. Kwa waliotembelewa bila maongezi hayo, 53 kwa 100.

Kwa hiyo nadai kitu kimoja. Siku mtoto anapopimwa uzito, mama naye aulizwe. Yapo maswali 10 ya Edinburgh, tangu 1987, ni dakika chache tu. Anayehitaji maongezi apate, anayehitaji dawa apate (zipo za mama anayenyonyesha, muulize daktari), anayehitaji vyote apate vyote.

Na wewe unayesoma usiku huu mtoto yuko kifuani: ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukisikia sauti, usisubiri asubuhi. Mwamshe mtu, nendeni hospitali sasa hivi.

Baba, umesoma mpaka hapa? Muulize mkeo leo hali yake. Halafu nyamaza, umsikilize.

Kesho Sehemu ya 5: mama mkwe na siku 40.