Mizani Kabla ya Mashine

Usafishaji wa damu, ambao hospitalini huitwa zaidi dayalisisi, ni tiba ambayo damu ya mgonjwa aliyeharibikiwa na figo hupitishwa nje ya mwili katika kichujio chenye nyuzi nyembamba mno, ambamo takataka huhamia katika maji maalumu yanayopita upande wa pili, huku maji yaliyozidi mwilini yakivutwa kwa kiasi kilichopangwa na mhudumu. Vitengo vya tiba hii vinapofunguliwa, kinachotangazwa kwa kawaida ni idadi ya mashine, na hilo halishangazi, kwa kuwa mashine ni ghali na huonekana kwa macho. Hata hivyo mashine haijui mgonjwa amekuja na maji kiasi gani. Huvuta kile ilichoamriwa, kiwe sahihi au kisiwe. Makala za toleo hili zinahusu wale wanaotoa amri hiyo, yaani wauguzi na mafundi wa dayalisisi, na hoja inayoziunganisha ni kwamba namba ya maji ya kuvutwa haipatikani kwa hesabu ya kutoa peke yake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila mgonjwa huwekewa uzito mkavu, yaani uzito ambao mwili wake hauna maji ya ziada wala upungufu wa maji, na kilo moja inayozidi hapo huhesabiwa kuwa lita moja. Mgonjwa mwenye uzito mkavu wa kilo 60 akifika na kilo 63.5, kisha ikajumlishwa nusu lita atakayoipata kwa dripu ya kusafishia mipira na kwa kinywaji, mashine itatakiwa kuvuta lita 4. Katika kikao cha saa 4 hiyo ni lita moja kwa saa, sawa na karibu mililita 17 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu wagonjwa wa Marekani ulionyesha kwamba waliovutwa zaidi ya mililita 13 walikuwa na vifo vingi zaidi, hasa vya moyo. Kwa kiwango hicho cha 13, mgonjwa huyu anastahili kuvutwa lita 3 na kidogo tu ndani ya saa 4. Zilizobaki zahitaji saa ya tano au kikao kingine. Mhudumu anayelazimisha lita zote 4 ziishe kabla zamu haijabadilika atamwona mgonjwa akipiga miayo, akitoka jasho, misuli ya shavu la mguu ikimkaza, na shinikizo la damu likishuka, hata alazimike kusimamisha uvutaji na kumrudishia kwa dripu sehemu ya maji yale yale aliyoyatoa.

Uzito mkavu wenyewe nao hubadilika, na hapa ndipo penye hatari isiyopigiwa kelele. Mgonjwa aliyeanza tiba akiwa hoi hurudiwa na hamu ya kula, akanenepa kwa nyama halisi, na asipotazamwa atavutwa maji asiyokuwa nayo. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mgonjwa aliyekonda kwa maradhi ya wiki mbili hupoteza nyama, maji yakashika nafasi yake, na mizani ikasoma kilo zile zile za siku zote, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mizani haiwezi kutofautisha nyama na maji, bali vidole na masikio ya mhudumu huweza. Kidole gumba kinachobonyezwa juu ya mfupa wa muundi kikaacha shimo, mishipa ya shingo iliyotuna, mapafu yanayochakarisha chini ya stetoskopu, shinikizo la damu lililopimwa mgonjwa ameketi na kupimwa tena amesimama, pamoja na swali la kawaida kabisa la kuwa siku hizi analala kwa mito mingapi, ni ushahidi usio na gharama yoyote. Mahali pa kuchomea sindano napo hukaguliwa wakati huo huo, kwa kuwa fistula iliyo hai, yaani mshipa uliounganishwa na ateri kwa upasuaji, hutetema chini ya vidole.

Mizani pia hudanganywa na mambo madogo. Mama aliyepimwa Jumatatu akiwa na baibui, viatu na mkoba, kisha akapimwa Jumatano akiwa na khanga tu, aweza kuonekana amepungua kilo nzima ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Kwa mgonjwa wa Moa, kijiji cha pwani ya Mkinga karibu na mpaka wa Kenya, mambo haya yana uzito wa pekee. Tiba hii kwa kawaida hutolewa mara tatu kwa wiki, naye hana budi kuifuata Tanga mjini au mbali zaidi. Nauli au malipo yakikosekana, kikao kimoja hurukwa, na maji ya siku nne au tano hufika kitengoni kwa pamoja. Mhudumu anayemkaripia kwa kunywa sana humlaumu bure. Maji yaliyo nje ya seli za mwili hushikwa na chumvi, takriban gramu 9 kwa kila lita, hivyo asiyepata mkojo akila gramu 9 za chumvi, kiu itamsukuma mpaka lita hiyo itimie. Katika mwambao ambako ng'onda na papa mkavu ni kitoweo cha kila nyumba, kumkataza mtu maji bila kumuuliza kitoweo chake ni kumtesa tu. Mwezi wa Ramadhani huongeza jambo lingine, kwani tende na madafu ya futari hubeba potasiamu, madini ambayo yakizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Nchini Ufaransa, kituo cha Tassin, karibu na Lyon, kilijulikana kwa kuwasafisha wagonjwa saa 8 kwa kikao na kuwapunguzia chumvi, na wengi wao waliachana kabisa na dawa za shinikizo la damu. Saa 8 hazitapatikana upesi katika vitengo vyetu vyenye foleni, lakini chumvi yaweza kupunguzwa popote.

Lawama yote haiwezi kutupiwa wahudumu, kwa sababu anayesimamia wagonjwa wengi kwa zamu moja hana nafasi ya kubonyeza muundi wa kila mmoja, na viongozi wa hospitali wanaopanga zamu wanapaswa kuhesabu uchunguzi huu kuwa sehemu ya kikao. Wasomaji walio kazini katika vitengo vya dayalisisi wanaombwa, kabla hawajaendelea na kurasa zifuatazo, wafungue faili la mgonjwa mmoja na kutazama uzito wake mkavu uliandikwa upya lini.